Duka, shule na zahanati kwa miguu: mwongozo wa kupanga mtaa wenu

Nimewaandikia watu wa aina tatu: mjumbe wa serikali ya mtaa anayetaka kupeleka hoja yenye mashiko kwenye kikao, wakazi wa viunga wanaoona mashamba yakikatwa viwanja mbele ya macho yao, na mwenye eneo anayetaka kuligawa na kuliuza bila kuwaachia wanunuzi balaa. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakokujua vizuri, lakini mkazi wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura hatapata shida kuihamishia kwake.

Wazo la mji ambao mtu anapata mahitaji yake yote ndani ya robo saa limevuma sana tangu Profesa Carlos Moreno alipolieleza mwaka 2016, na hasa baada ya meya wa Paris wakati huo, Anne Hidalgo, kulibeba kwenye kampeni yake ya mwaka 2020. Muda mrefu kabla yao, mwaka 1929, Mmarekani Clarence Perry alikwisha kuchora mtaa wenye shule ya msingi katikati na barabara kubwa zikipita pembezoni. Ni mawazo mazuri. Lakini yalinganishe na Tandale, Buguruni au Manzese, utaona kwamba nusu ya kazi hiyo kwetu imeshafanyika. Ukitoka mlangoni tu unakutana na genge lenye mchicha na nyanya za fungu. Unafuata duka la Mangi, kisha mama lishe, fundi cherehani, kinyozi, wakala wa fedha za simu. Hakuna mpangaji wa mji aliyeyachora hayo. Chochote ambacho mtu mmoja anaweza kukianzisha kwa mtaji mdogo huja chenyewe na hukaa karibu na wateja.

Visivyokuja vyenyewe ni vile visivyo na faida ya haraka kwa mtu mmoja: ardhi ya shule, zahanati, uwanja wa watoto, mtaro, kivuko salama, njia ambayo hakuna aliyeimega kwa ukuta. Hapo ndipo mpango unapohitajika, na mwongozo huu umejengwa juu ya tofauti hiyo. Biashara ndogo ziacheni zikue, mzielekeze tu. Nguvu zenu zote ziende kwenye ardhi ya pamoja na njia za miguu.

Hatua ya 1: Pimeni mtaa kwa dakika

Mtu mzima asiye na mzigo hutembea kama mita 80 kwa dakika. Dakika 5 ni mita 400, na dakika 15 ni kilomita 1.2. Lakini mpango haufanywi kwa ajili ya kijana asiye na mzigo. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, mzee anayepumzika kila baada ya nyumba chache, mtoto wa darasa la kwanza, mtu anayetembelea magongo: hao mwendo wao unaweza kuwa nusu ya huo. Pangeni kwa mwendo wao na wengine wote watafaidika. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kwamba mkazi wa kijijini asitembee zaidi ya mita 400 kufikia maji. Kipimo hicho kinafaa kukumbukwa hata mjini, kwa sababu ndiyo safari ya mtu aliyebeba kitu kizito.

Tafuteni ramani ya mtaa wenu. Kwa Dar es Salaam kazi kubwa imeshafanywa: mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo, pamoja na wakazi wenyewe, wakachora nyumba, njia na mifereji kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, na ramani hizo ziko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitumia. Ichapisheni kwenye karatasi kubwa, ibandikeni ukutani kwenye ofisi ya mtaa, kisha mchore duara la mita 800 kutoka mahali ambapo watu wengi hupita. Kwa mtu mzima hizo ni dakika 10.

Sasa chukueni kalamu nyekundu mfute kila sehemu ya duara isiyofikika. Bonde la mto lisilo na daraja, ukuta mrefu wa kiwanda, reli, barabara kuu ya njia nne. Shule inaweza kuwa mita 300 kwenye ramani, lakini kama katikati kuna mfereji unaojaa wakati wa masika, kwa miezi hiyo shule hiyo haipo. Duara hugeuka kuwa kipande chenye umbo la ajabu. Kipande hicho ndicho mtaa wenu halisi wa kutembea, hata kama mipaka ya kiserikali inasema vingine. Mkiona mtaa wa jirani uko ndani ya kipande chenu, waiteni viongozi wake tangu siku hiyo. Zahanati moja inaweza kuhudumia mitaa miwili, na hoja ya mitaa miwili ina uzito zaidi halmashauri.

Hatua ya 2: Tenganisheni mahitaji ya kila siku na yale ya mara moja moja

Kosa linalorudiwa sana ni kutaka kila kitu kiwe karibu. Soko kubwa haliwezi kuwa kila mtaa, wala hospitali, wala benki. Kuna masoko yaliyojengwa kwa fedha nyingi yakabaki na vizimba vitupu kwa sababu wateja hawapiti hapo.

Ya kila siku ndiyo yanayopaswa kuwa ndani ya dakika 10: maji, mboga na unga, mkaa au gesi, duka la dawa muhimu, shule ya awali na ya msingi, mahali pa watoto kucheza, nyumba ya ibada, kituo cha daladala au cha mwendokasi. Ya kila wiki yanaweza kuwa umbali wa robo saa hadi nusu saa: sekondari, kituo cha afya, soko la kata. Ya kila mwezi yaacheni yawe mbali, ila usafiri wa kuyafikia uanzie karibu.

Orodha hiyo ni yangu. Yenu itatokana na kuuliza, na namna ya kuuliza ina uzito. Kwenye mkutano mkuu wa mtaa wanaozungumza sana ni wanaume wenye nyumba. Wapangaji hawaji, au wakija wanakaa nyuma na kunyamaza, ilhali mitaa mingi ya uswahilini wao ndio wengi. Kwa hiyo kaeni na makundi pembeni: kina mama saa ambayo shughuli za nyumbani zimepungua, wazee baada ya swala au ibada, madereva wa bodaboda kijiweni kwao, watu wenye ulemavu majumbani kwao ikibidi. Wapeni watoto karatasi wachore njia yao ya kwenda shule na waweke alama mahali wanapoogopa. Watoto huonyesha mambo ambayo mtu mzima ameyazoea mpaka hayaoni tena: mbwa wa nyumba fulani, shimo la choo lililo wazi, kona ambayo bodaboda hukata bila kuangalia.

Kila kundi liulizwe swali moja la msingi: ni safari gani ya jana iliyokuchosha zaidi, na kwa nini? Swali hilo huleta majibu ya kweli kuliko kuuliza “mnataka nini”, ambalo siku zote huleta orodha ya ahadi za kampeni.

Hatua ya 3: Tembeeni na daftari

Nendeni watu wanne au watano, mmoja awe mtu mzima wa makamo, mmoja awe na mtoto. Tembeeni mara nne: saa 12 na nusu asubuhi wanafunzi wanapokwenda shule, saa 7 mchana jua likiwa utosini, saa 2 usiku, na siku moja baada ya mvua kubwa. Mtaa uleule huwa mitaa minne tofauti. Andikeni:

- Mahali ambapo mtembea kwa miguu analazimika kushuka barabarani, na sababu yake: gari limeegeshwa, kifusi, meza ya biashara, mtaro ulio wazi.
- Mahali maji yanaposimama, na yalifika wapi kwenye kuta. Alama ya tope ukutani haidanganyi.
- Sehemu ndefu isiyo na kivuli hata kimoja.
- Kona zenye giza, na ni nani anayezikwepa.
- Vichochoro vilivyozibwa, nani aliyeviziba na lini.
- Sehemu ambazo watu wanavuka barabara kweli, hata kama kivuko kimechorwa kwingine.

Hilo la mwisho mlikazie. Simameni pembeni ya barabara kwa nusu saa mhesabu watu wanaovuka kila mahali. Mara nyingi mtakuta kivuko cha pundamilia kimechorwa mita 100 kutoka pale watu wanapovuka, kwa sababu kituo cha daladala kilihamishwa au lango la shule liko upande mwingine. Watu hawatembei mita 200 za ziada kwenda na kurudi ili kuridhisha rangi. Kivuko ndicho kihamie kwao.

Piga picha, andika jina la njia, weka tarehe. Mtazihitaji kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 4: Okoeni ardhi ya pamoja kabla haijaisha

Hapa ndipo mtaa unapofaulu au unaposhindwa, kwa hiyo sitaharakisha.

Viungani mwa Dar es Salaam ardhi huuzwa kwa hatua: ishirini kwa ishirini, thelathini kwa ishirini. Mwenye shamba anakata kipande kimoja mtoto anapoingia sekondari, kingine ada ya chuo inapofika, na kila mnunuzi anasogeza mpaka wake kidogo kuelekea njia. Baada ya miaka kumi eneo limejaa nyumba nzuri za matofali, lakini gari la zimamoto haliingii, na kiwanja cha shule kilicho karibu ni cha shule ya binafsi yenye ada ambayo wengi hawaiwezi. Watoto wa shule ya umma wanapanda daladala mbili. Hakuna aliyekusudia hivyo, ila hakuna aliyekaa na wenzake mapema.

Kama eneo lenu bado lina mashamba, mkutane na wamiliki wote sasa. Leteni hesabu. Tuseme familia ina ekari 5, yaani kama mita za mraba 20,200. Ikikata viwanja vya mita za mraba 400 bila kuacha chochote inapata viwanja 50. Ikiacha robo ya eneo kwa ajili ya barabara na njia za miguu, na nusu ekari kwa matumizi ya pamoja, inabaki na viwanja 32. Inaonekana ni hasara. Lakini tuseme kiwanja kisichofikika kwa gari kinauzwa milioni 5, na kiwanja kilichopimwa, chenye njia na eneo la wazi jirani, kinauzwa milioni 8. Vile 50 vinaleta milioni 250. Hivi 32 vinaleta milioni 256, na kuna uwezekano mkubwa wa kupata hati. Bei weka za kwenu: waulizeni madalali wawili watatu tofauti ya bei kati ya kiwanja cha ndani na cha barabarani, mtaona hesabu inavyokaa. Nimeona hoja za huruma zikishindwa kwenye vikao hivi, lakini hoja ya bei husikilizwa.

Shule ya msingi inataka ekari kadhaa, kwa hiyo familia moja haiwezi kuibeba. Suluhisho ni kuunganisha: wamiliki sita au saba walio jirani wanakubaliana eneo la shule liwe upande mmoja, na yule ambaye shamba lake limechukuliwa zaidi anafidiwa vipande kutoka kwa wenzake. Hilo lifanyike kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa mtaa, na wanafamilia wote wasaini, wake na watoto wakubwa wakiwemo. Makubaliano ya mdomo na mzee mmoja huvunjika siku ya msiba wake.

Baada ya makubaliano, msisubiri. Fuateni mpangilio huu:

Kwanza, muhtasari wa kikao uhifadhiwe ofisi ya mtaa na nakala ifike kwa afisa mipango miji wa halmashauri. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, na eneo lisiloingia kwenye mchoro ulioidhinishwa halina ulinzi. Kama mnashiriki urasimishaji, yaani kupimwa na kutambuliwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, kupitia kampuni ya upangaji, ombeni kuuona mchoro kabla haujapelekwa kuidhinishwa. Tafuteni kwenye mchoro kila kichochoro mnachokitumia. Kichochoro kisichoonekana kwenye mchoro kitakuwa kiwanja cha mtu.

Pili, bikoni, yaani alama za mipaka, ziwekwe na mzipige picha. Tatu, bango: eneo hili ni la shule, au ni la wazi, haliuzwi, kwa amri ya mkutano mkuu wa mtaa. Nne, na kwangu hili ndilo muhimu kuliko yote, litumieni eneo siku hiyohiyo. Wekeni magoli mawili ya miti. Pandeni miembe na mikungu kwenye mipaka. Gulio liwe hapo Jumamosi. Uwanja unaochezewa kila jioni una walinzi mia moja. Kiwanja kinachosubiri bajeti huku nyasi zikiota hupata mwenyewe mpya mapema sana.

Msiamini kwamba mchoro peke yake unatosha. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni matunda ya mradi wa viwanja vya miaka ya 1970 ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, na hadi leo unaona faida yake: barabara zimenyooka, mtu anaelekezwa nyumba akafika. Lakini katika jiji hili maeneo mengi ya wazi yaliyokuwa kwenye michoro yamekwisha kujengwa. Yaliyobaki ni yale yenye wakazi wanaopiga kelele. Mkiona bango la kuomba kubadilisha matumizi ya eneo la wazi, andikeni pingamizi ndani ya muda uliotajwa kwenye bango, kwa barua yenye saini nyingi, na nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Na kama mtaa umeshajaa? Msikate tamaa, ila mbinu zinabadilika. Kamati ya shule inaweza kukubali uwanja wake utumike na watoto wa mtaa jioni na wikiendi, mtaa ukachangia mlinzi. Uwanja wa msikiti au wa kanisa unaweza kuwa na kliniki ya watoto siku moja kwa wiki. Njia fupi isiyo na magari mengi inaweza kufungwa jioni kwa vyuma viwili ili watoto wacheze. Nyumba inayouzwa katikati ya mtaa inaweza kununuliwa kwa michango na halmashauri ikaombwa iifanye zahanati. Hanna Nassif, Kinondoni, ilikuwa imejaa nyumba tayari pale wakazi walipoingia mkataba wa jamii miaka ya 1990 na kuchimba mitaro na kutengeneza barabara kwa mikono yao, wakilipwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 5: Pangeni biashara zikae pazuri

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na hekima yake: baraza mbele, chumba cha mbele kinachoweza kugeuka duka, vyumba vya kuishi katikati, uani nyuma. Mtu aliishi, akauza na akaangalia watoto wanaocheza barabarani bila kuondoka kwake. Siku hizi viunga vinajengwa nyumba zenye ukuta wa mita mbili na nusu na geti la chuma. Njia kati ya kuta mbili kama hizo haina jicho la mtu, na usiku ndiyo inayoogopwa. Siwazuii watu kujenga ukuta, wizi upo. Ila nyumba za kona na za kwenye njia kuu ya mtaa zihimizwe kuweka fremu moja au mbili zinazofunguka nje. Mwenye nyumba anapata kodi, mtaa unapata duka na taa.

Kama kiwanja ni cha makazi pekee, fremu huhitaji kibali cha kubadilisha matumizi kuwa makazi na biashara. Ni rahisi zaidi kuombea viwanja vya njia kuu vyote kwa pamoja wakati mchoro unaandaliwa kuliko kila mtu kuhangaika kivyake baadaye.

Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara katika miji mikubwa ya Tanzania. Genge la mtaani halitakiwi kufikia hapo. Mapema kabisa chagueni sehemu pana, chini ya mti kama upo, karibu na maji na karibu na njia ya watu wanaotoka kituoni jioni, kisha mchore mstari wa rangi chini: meza zisivuke hapa. Wauza mboga wenyewe wataulinda mstari huo kama walikuwepo siku ya kuuchora. Karakana ya kuchomelea vyuma, mashine ya kusaga na baa viwe na sehemu yake, mbali na madarasa na nyumba ya wagonjwa, lakini visifukuzwe mtaani. Mashine ya kusaga ni hitaji la kila siku.

Hatua ya 6: Tengenezeni njia yenyewe

Upana kwanza. Watu wawili wapishane, mmoja akiwa na kiti cha magurudumu: mita 1.8 inatosha, na isipungue mita 1.5. Angalau njia moja kwa kila kundi la nyumba ipitishe gari la wagonjwa na la zimamoto.

Mtaro na njia ya miguu vitazameni kama kitu kimoja. Mtaro wenye mfuniko imara wa zege ni mtaro na ni njia ya miguu kwa wakati mmoja, na kwenye mtaa mwembamba hakuna nafasi ya kuvitenganisha. Mifuniko iwe vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuinua, la sivyo mtaro hautasafishwa na masika ijayo utarudisha maji majumbani. Mifuniko ya chuma epukeni, huishia kwenye chuma chakavu.

Kivuli: kwenye njia inayokwenda kaskazini na kusini, pandeni miti upande wa magharibi, ili jua la alasiri, ambalo ndilo kali kwa wanaorudi shule, lizuiwe. Mwarobaini hustahimili ukame na mifugo. Mkungu hutandaza kivuli kipana haraka. Kila mti uwe na nyumba inayoumwagilia misimu miwili ya kwanza, na jina la nyumba hiyo liandikwe kwenye daftari la mtaa.

Magari na bodaboda ndiyo hatari kubwa. Sheria ya Tanzania inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Kwenye mitaa ambako watoto wanachanganyika na magari, Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30. Kibao pekee hakipunguzi mwendo. Kinachopunguza ni tuta, kivuko kilichoinuliwa, kona iliyobanwa, nguzo zinazozuia gari kupanda njia ya miguu. Shirika la Amend limefanya kazi hiyo kuzunguka shule za msingi za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika kupitia mpango wa SARSAI, na mwaka 2019 mpango huo ukashinda tuzo ya WRI Ross ya miji. Hakuna kitu cha ajabu ndani yake: matuta, alama, pundamilia, njia za pembeni, na pengine kuhamisha lango la shule lisifungukie barabara kubwa. Hilo la lango linaweza kufanywa na kamati ya shule kwa fundi mmoja na mifuko michache ya saruji.

Tuta msijijengee wenyewe. Tuta lisilo na alama wala rangi humuua dereva wa bodaboda usiku. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017, na barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barua yenu iende kwa mwenye barabara husika, ikiwa na picha na hesabu ya wanaovuka.

Hatua ya 7: Ipelekeni mezani kwa wakati

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Hoja inayofika halmashauri mwezi Mei imechelewa, itasubiri mwaka mzima. Fanyeni hatua ya 1 hadi ya 3 kati ya Julai na Septemba, mkutano mkuu wa mtaa upitishe vipaumbele Oktoba, na diwani avifikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla bajeti haijaanza kuandaliwa. Walioko Kenya mlango wao ni mwakilishi wa wadi na vikao vya ushiriki wa umma kuhusu bajeti ya kaunti. Mkutano ukitangazwa, wajae.

Msipeleke mambo ishirini. Pelekeni matatu: moja ambalo mtaa utafanya kwa nguvu zake, moja linalotaka kibali tu, na moja linalotaka fedha. Kwa mfano: sisi tutasafisha na kufungua vichochoro vinne, tunaomba lango la shule lihamishwe, tunaomba mita 300 za mtaro wenye mfuniko. Halmashauri ikiona la kwanza limeanza, la tatu linaongeleka. Kila ombi liwe na ukurasa mmoja wenye ramani, picha, idadi ya watu wanaoathirika na jina la mtu wa kufuatilia.

Hatua ya 8: Walindeni wapangaji

Njia ikitengenezwa, taa zikiwaka na zahanati ikifunguliwa, kodi za vyumba hupanda. Wapangaji mliowauliza kwenye hatua ya 2 ndio wa kwanza kuhamia mbali zaidi, kule ambako hakuna kitu karibu, na mpango wote unakuwa umewatumikia watakaokuja baada yao. Hakuna dawa moja ya jambo hili, lakini yapo yanayosaidia. Wenye nyumba wanaonufaika na mtaro au njia waandike kwamba kodi haitapanda kwa wapangaji waliopo kwa kipindi kitakachokubaliwa, miaka miwili kwa mfano. Vizimba vya genge jipya vipewe kwanza wale waliokuwa wakiuza hapo. Vyumba vya bei ndogo visibomolewe vyote kupisha fremu. Ajenda hiyo iwekwe kwenye mkutano uleule wa Oktoba unaopitisha vipaumbele, wapangaji wakiwa wamealikwa kwa majina, na makubaliano yaingie kwenye muhtasari mmoja na yale ya mtaro.